Mzabibu wa Mlango wa Uani

Mtaani walimwita Mzee Chaji, na jina hilo alilipata kabla hata hajaota mvi. Kazi yake ilikuwa kuchaji betri za magari na kuzifufua zilizokufa, katika kibanda cha mabati kando ya barabara ya malori. Ukipita asubuhi ungemkuta ameinama juu ya safu ya betri, kipimo chake cha kioo mkononi. Anavuta maji makali kutoka seli moja, anayainua usawa wa jicho, anayarudisha, anahamia seli ya pili. Haraka hakuwa nayo. Ukimuuliza, "Fundi, betri yangu ina nini?" hakujibu mpaka amalize kuzipitia seli zote.

"Betri haifi yote kwa mpigo," alikuwa akisema. "Kuna seli moja inaanza kuchoka, halafu inazivuta nyingine. Itafute hiyo, mengine yatajieleza."

Nguo zake nazo zilimtangaza kabla hajafungua mdomo. Asidi ni kitu cha hila. Haiunguzi nguo pale pale, inajikalia kimya kwenye kitambaa kama haipo, ukishafua na kuanika ndipo unaona matundu. Shati lake lilikuwa limetoboka kama chujio la chai. Wachokozi walimuuliza, "Mzee Chaji, hilo shati au wavu?" Naye hakukosa jibu: "Haya ni madirisha. Mwili wangu unapenda hewa, si kama wako unaonuka saa hizi."

Nyumbani palikuwa na vyumba viwili, jiko, na ua mdogo uliozungushiwa ukuta. Kwenye mlango wa uani ndipo ulipokuwa mzabibu. Mkewe aliupanda mwaka aliomzaa binti yao, kwa kijiti alichopewa na mama mmoja aliyekuwa akimfanyia kazi za ndani. Mzee Chaji alimcheka sana siku ile.

"Zabibu? Hapa kwetu? Utavuna majani, mama."

"Na majani nayo yana kivuli," mkewe akamjibu, akaendelea kushindilia udongo kwa kisigino.

Basi ukaota. Ukajengewa chanja kwa fito, ukapanda, ukaufunika mlango, ukaenda mpaka dirisha la chumba cha kulala. Zabibu zake, tuseme ukweli, zilikuwa ndogo na chungu, ndege wenyewe walidonoa moja wakaaga. Lakini kivuli kilikuwa kivuli. Jua la mchana likichoma mabati ya mtaa mzima, pale chini ya mzabibu ungeweza kulaza mtoto.

Sasa sikiliza habari ya mtoto huyo, maana ndiyo mzizi wa yote. Binti yao akiwa mchanga, Mzee Chaji alirudi kazini jioni moja akambeba vile vile alivyotoka, furaha imemzidi. Kumbe kwenye pindo la mkono wa shati kulibaki tone la maji ya betri. Mtoto alipiga kelele. Ngozi ya mkono ikawa nyekundu, ikatoka lengelenge. Lilipona upesi bila hata kuacha alama, lakini baba halikumpona. Toka siku hiyo akawa hamgusi mwanawe. Anakaa kwenye kigoda upande wa pili wa chumba anamtazama tu, kama mtu anayetazama kitu dukani asichoweza kukinunua. Ukimpa mtoto, mikono anaificha nyuma.

Mkewe alivumilia, akachoka. Jioni moja alimsubiri mlangoni, ameshika jagi la maji na sabuni, na chini ya mzabibu ameweka beseni la bluu.

"Pole na kazi," akamwambia.

"Nishapoa."

"Haya, nawa."

Akammiminia. Akanawa mpaka viwiko, akasuuza na aproni yake ya mpira, na mabuti, na ile faneli ya kujazia betri ambayo alirudi nayo nyumbani kila siku kwa kuogopa wezi. Alipomaliza mkewe akaigeuza mikono yake huku na huku, akaikagua kama mwalimu anayekagua kucha.

"Mikono hii sasa ni safi kama ya mtu yeyote. Ingia ukamshike mwanao."

Ndivyo ilivyokuwa kila jioni tangu hapo. Pole na kazi, nishapoa, haya nawa. Wakati maji yakimiminika alimpa mkewe habari za siku nzima: dereva gani kamdanganya, betri gani imefufuka, nani kagombana na nani kwenye foleni ya mafuta. Kisha anaingia ndani kwa mtoto, mikono mbele. Mkewe anabaki nje kidogo. Mzee Chaji alidhani anabaki kupunga upepo. Maji ya kunawa yakishanawiwa, nani huyauliza yamekwenda wapi?

Kitu kimoja tu kilimshangaza katika miaka hiyo yote. Magauni ya mkewe yalikuwa yakitoboka matundu madogo madogo, tena ubavuni, upande mmoja.

"Mke wangu, humu ndani tuna panya."

"Tunao," mkewe akasema, anakunja nguo. "Lakini wa kwetu wana adabu. Wanakula upande mmoja tu."

Mzee Chaji alicheka mpaka akakohoa. Kesho yake akaleta mtego, akautega uvunguni mwa kitanda. Mtego ukakaa huko mwaka baada ya mwaka, haukunasa hata mende.

Binti akakua, akasoma, akaolewa. Wakabaki wawili, na jagi, na beseni. Halafu siku moja, mchana mweupe, mama wa watu alianguka jikoni. Presha, walisema hospitali. Upande mmoja wa mwili ukawa haumsikii, na maneno yakawa yanatoka kwa kuvutwa. Mzee Chaji alikaa kando ya kitanda akimlisha uji kwa kijiko, na kila aliposhiba mkewe alimwambia neno lile lile.

"Usiuache mzabibu wangu ufe."

"Haufi," akamwahidi. "Nikiwa mzima mimi, haufi."

Haikupita wiki wakamzika.

Wakati wa msiba vyombo vya majirani vilichanganyika, kama inavyokuwa kwenye nyumba iliyojaa watu. Sufuria za huyu zikaenda kwa yule, na beseni la bluu nalo likaondoka na mmojawapo. Hakuna aliyelitafuta. Mzee Chaji alirudi kazini, akarudi nyumbani jioni, akafika mlango wa uani akasimama. Hakuna mtu. Hakuna pole na kazi. Akajaza jagi mwenyewe, akaliweka kizingitini, akanawa pale pale chini ya mzabibu, kwa mkono mmoja akimimina na mwingine akijisugua. Akasuuza aproni. Akasuuza mabuti na faneli. Na kwa kuwa kinywa kimezoea, akaanza kutoa habari za siku.

"Mke wangu, leo yule dereva wa lori la mchanga karudi tena na betri ile ile..."

Ilimpa ahueni, tusimcheke. Jioni nyingine alimaliza jagi akajaza lingine, na lingine, ili tu asiingie ndani ambako hakuna mtu. Na moyoni alijipongeza, maana alijua anaumwagilia mzabibu wake vizuri. Siku aliyomkumbuka mkewe zaidi ndiyo siku aliyomwaga maji zaidi.

Binti alikuja baada ya miezi kadhaa, amebeba kitoto chake cha kike mgongoni. Mume wake alikuwa amepata kazi mbali, na yeye hakuweza kuvumilia kusikia kwamba baba anakula mkate mkavu jioni. "Nyumba gani hii, baba? Hata paka angehama," alisema, akashika ufagio. Mzee Chaji hakumwambia jinsi alivyofurahi, lakini alianza kufunga kibanda mapema. Jioni binti akiwa jikoni anapika au anamwogesha mtoto, yeye ananawa chini ya mzabibu, anaingia, ananyoosha mikono. Mjukuu alikuwa na tabia ya kumkamata kidole gumba asimwachie.

Na hapo ndipo mzabibu ulipoanza kuugua.

Kwanza kingo za majani zilikauka, zikawa za kahawia kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto. Kisha ncha za matawi zikanyauka. Majani yakaanza kuanguka si wakati wake, mabichi katikati, yameungua pembeni. Mzee Chaji aliyaokota kizingitini asubuhi, akayatazama kwenye kiganja. Haufi, alikuwa amesema. Alisema kwa kinywa chake.

Jirani yao fundi viatu, mtu asiyeulizwa lakini hujibu, alikuja akauzunguka mzabibu mikono nyuma.

"Huu umepigwa jicho," akatoa hukumu. "Kuna mtu alipita akausifu."

"Nani aliwahi kuusifu huu? Wewe mwenyewe ulionja zabibu zake ukatema kwenye kiatu cha mteja."

"Basi ni jicho la aliyetema."

Mzee Chaji akaweka mbolea ya ng'ombe. Mzabibu ukazidi. Akachemsha tumbaku na sabuni, akanyunyizia majani juu na chini, akidhani ni wadudu. Ukazidi. Akapunguza matawi. Ukazidi. Akawa halali vizuri. Mwisho akarudi kwenye kitu anachokijua. Siku ya mapumziko aliburuta kigoda, akaanza kuusoma mzabibu kama betri, tawi kwa tawi, na kila tawi lililokufa akalifunga kipande cha waya mwekundu. Alipomaliza akarudi nyuma akatazama. Waya zote zilikuwa upande wa mlango. Upande wa mbali, kule karibu na dirisha la chumba, majani yalikuwa bado na uhai kidogo.

"Seli mbovu iko hapa mlangoni," akajisemea.

Akamwita bibi shamba, afisa wa kilimo wa eneo lao, msichana aliyekuja na pikipiki na mkoba wa turubai. Mzee alimtazama kwa wasiwasi, maana alikuwa umri wa binti yake, lakini alivyopiga magoti na kuchimba akaona huyu anajua kazi. Alichimbua udongo karibu na kizingiti kwa kisu kifupi, akauvunja vidoleni, akaunusa. Akatoa mzizi mwembamba, ukakatika kama njiti ya kiberiti.

"Hauna mdudu, mzee, wala si ugonjwa wa kuambukiza. Ona, hakuna hata mnyoo mmoja hapa. Udongo umeungua. Kuna kitu kinamwagwa, tena si mara moja. Nani anamwaga kitu hapa?"

"Hakuna mtu."

"Nitauchukua huu kidogo nikaupime. Nikirudi nitakwambia ni kitu gani. Kwa sasa msiumwagie chochote, na msilaumiane." Inaonekana alikuwa amekwisha kuziona nyumba nyingi.

Lakini ushauri mzuri ni kwa mwenye masikio. Pikipiki haijakata kona, Mzee Chaji alikwisha kuinua macho akaona kamba ya kuanikia. Nepi za mjukuu zilikuwa zimeanikwa kutoka pembe ya chanja, upande ule ule wa mlango, na chini yake kuna karai la binti, na paketi ya sabuni ya unga. Akaona ameipata seli mbovu. Nyani haoni kundule.

Binti alitoka na mtoto mkononi akamkuta baba yake amesimama pale, paketi ya sabuni mkononi.

"Maji ya kufulia unamwaga wapi?"

"Kule karoni, baba. Kwa nini?"

"Usinidanganye."

"Baba!"

"Mama yako aliniachia kitu kimoja. Kimoja tu! Nimehangaika na mbolea, nimehangaika na dawa, naita wataalamu, kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Kutembea mpaka karoni umeona mbali, ukaona bora ummwagie mama yako sabuni!"

Loo. Kuna maneno mtu akiyatoa hata ukuta unayasikia vibaya. Binti alisimama, mtoto ameanza kulia kwa sababu sauti imempa hofu.

"Mimi?" akasema. "Mimi niliyefundishwa toka naanza kutembea kwamba hapa hapamwagwi hata tone? Maji ya vyombo karoni, maji ya kufulia karoni. Hata yako ya mikono, baba, mama alikuwa anayabeba. Halafu leo nikamwage sabuni?"

"Toka mbele yangu."

Alitoka kweli. Alifunga nguo za mtoto kwenye begi, zile nepi akazianua zikiwa mbichi, akaenda kwa mama mkwe wake upande wa pili wa mji. Mlangoni aligeuka, kama anangoja neno. Baba yake alikuwa amempa mgongo anayahesabu majani makavu.

Hasira hasara, wanasema, na hasara yenyewe haichelewi. Jioni ile aliponawa hakutoa habari yoyote. Aliingia ndani mikono misafi, akakaa nayo.

Siku zilizofuata alifanya kazi kama mtu aliyekopeshwa mwili. Asubuhi moja utingo wa lori, kwa pupa yake, aliiangusha betri wazi sakafuni. Maji makali yakatapakaa kwenye saruji. Mzee Chaji hata hakufikiri, mkono ulikwenda wenyewe kwenye kopo la magadi, akatupa kiganja kizima juu ya asidi, kama alivyofanya maisha yake yote. Magadi yakachemka, kama yachemkavyo yakikutana na asidi. Povu jeupe likainuka, likachachatika, na alilitazama mpaka likatulia.

Na katika ule mchachatiko akasikia sauti ya binti yake, wazi kabisa: hata yako ya mikono, baba, mama alikuwa anayabeba.

Akatazama mikono yake. Akatazama aproni, inavyong'aa kwa unyevu. Mabuti. Faneli.

"Mzee, umeungua?" utingo akauliza kwa woga.

Mzee Chaji alichukua kopo la magadi, akafunga kibanda mchana kweupe na wateja wakiita, akaenda nyumbani kwa miguu akipita katikati ya watu bila kumwona mtu.

Pale kizingitini aliulowesha udongo kwa maji ya bomba, akanyunyizia magadi. Kwa muda hakuona kitu. Kisha udongo ukaanza kutoa povu. Likatoka pale alipokuwa akisimama kila jioni, likazunguka shina, likajaza ile mikunjo ya mizizi aliyoichimbua bibi shamba. Alipiga magoti. Akaenda upande wa mbali, dirishani, akafanya vile vile. Kimya, udongo umekaa tu kama udongo. Akarudi mlangoni, akatupa tena, likachemka tena. Fundi wa betri hahitaji kusubiri majibu ya maabara kwa jambo kama hilo.

"Ni mimi," akasema kwa sauti. "Masikini mke wangu, ni mimi."

Kwa mkwewe alifika jua linaanza kushuka, amevaa vile vile alivyotoka kazini. Mama mkwe wa binti akamkaribisha ndani, akakataa, akasema amechafuka. Binti akatoka barazani, uso ameukaza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama." Alizoea kumwita mama tangu akiwa mdogo. Akatafuta pa kuanzia, hakupaona. "Ni mimi niliyeuua. Si wewe. Ni maji yangu ya kunawa, na aproni, na yale mabuti. Nimetia magadi nimeona kwa macho yangu. Mwanangu, nimekutukana kwa kosa langu. Nisamehe."

Ule ukavu wa uso ukamtoka binti, akakaa kwenye ngazi ya baraza.

"Beseni," akasema. "Hukuwa unaweka beseni."

"Beseni la nini? Nilijua ni la kuzuia matope."

"Baba, alikuwa analibeba. Ukishaingia ndani tu, analibeba mpaka karoni, kila siku. Mimi nilipopata nguvu kidogo nikawa nashika upande mmoja."

"Mbona hakuniambia?" akauliza Mzee Chaji. "Mbona hakuniambia, ningebeba mwenyewe? Maji yangu mwenyewe?"

"Nilimuuliza. Nilikuwa mdogo, nikasema nitakwambia uyamwage mwenyewe. Akaniziba mdomo kwa kiganja. Akasema, 'Baba yako akijua haya maji yanaua majani, hatakushika tena.'"

Mzee Chaji alilia pale barazani kwa watu, mbele ya mama mkwe wa binti yake, bila kujifunika uso. Mtoto alikuwa amekwisha kutambaa mpaka mlangoni, akamwona babu, akanyoosha mikono abebwe. Babu akaificha yake nyuma. Binti aliona, na hilo likamuuma kuliko matusi.

Walirudi nyumbani pamoja. Bibi shamba alileta majibu yale yale waliyokwisha kuyajua, akawaelekeza: fukueni udongo wote ulioungua, mkautupe mbali, leteni udongo mpya, changanyeni na majivu, kateni matawi mpaka karibu na shina, kisha ngojeni. Wakafukua, wakakata, wakangoja. Mzee Chaji alikuwa akiamka asubuhi anachungulia kabla hajanawa uso. Mvua zikaja, magugu yakaota mpaka kwenye ufa wa ukuta, na shina likabaki shina. Bibi shamba alirudi, akalikwaruza gome kwa ukucha. Kavu. Akakwaruza chini zaidi. Kavu. Akakwaruza pale pale usawa wa udongo, akafuta mikono.

"Pole, mzee. Umekufa."

Aliung'oa mwenyewe. Fundi viatu alikuja kumsaidia kubomoa chanja, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na la kusema.

Baada ya hapo jua likaingia chumbani. Miaka yote dirisha lile lilikuwa na giza la majani na chanja. Siku iliyofuata binti alikuwa anatoa nguo za mama yake kabatini, jambo ambalo walikuwa wameliahirisha tangu msiba, akampa baba yake gauni la nyumbani alishike wakati anakunja mengine. Mzee Chaji akaliinua mbele ya dirisha. Mwanga ulipita ubavuni, kwenye matundu madogo madogo kama ya chujio, kutoka kiunoni mpaka kwenye pindo. Upande mmoja tu. Upande wa kushoto, pale mtu anapoegemeza beseni lililojaa.

Alichukua jingine, akaliinua. Na jingine. Binti akaacha kukunja.

"Nilimtegea panya," alisema Mzee Chaji. Akainama akatoa mtego uvunguni, umeota kutu, akaketi nao kitandani kati ya magauni. "Alicheka na mimi. Nilitega mtego naye akacheka na mimi."

Jioni ile alipotoka kazini alimkuta binti amesimama kwenye mlango wa uani, mahali pasipo na kivuli tena. Jagi mkononi, na chini karai la kufulia.

"Pole na kazi, baba."

Akanyoosha mikono, akamiminiwa. Akasuuza aproni, mabuti, faneli. Binti akaigeuza mikono ya baba yake huku na huku, akaikagua, kisha akainama kulichukua karai.

"Acha," Mzee Chaji akasema. "Hilo ni langu."

Akaliinua. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani, na ua, ambao maisha yake yote aliuona mdogo, ukawa mrefu. Aliegemeza karai ubavuni kushoto, na kila hatua maji yalicheza yakamrukia kwenye shati. Alipita kamba ya nepi, akapita jiko, akafika karoni. Saruji ya pale ilikuwa imelika, kokoto ziko wazi. Akamwaga polepole, akasimama mpaka tone la mwisho likaingia.

"Pole na kazi, mke wangu," akasema.

Akangoja kidogo, kwa mazoea tu, kama kuna mtu atakayeitikia nishapoa. Ndani mjukuu alikuwa ameanza kulia. Mzee Chaji akaitazama mikono yake, mbele na nyuma, akarudi akaingia kumbeba.